Kiti cha Ausma

Kiti nilikichonga mwenyewe, kwa mbao za mwaloni,
mgongo umelala kidogo, mikono mipana,
na usiku ule wa Agosti, shambani kwa Harijs,
mwendo wa nusu saa kutoka Cēsis,
nilijutia kila msumari.

Kanuni ni nyepesi, hata mtoto anaielewa:
kila saa kipenga, kila saa mzunguko mmoja,
kilomita sita na ushee, ukatize malisho, uambae msitu,
urudi kabla saa haijafa.
Ukiwahi, dakika zilizobaki ni zako: kula, lia, funga kamba.
Kisha kipenga tena.
Asiyeinuka, amekwisha.
Hakuna utepe wa mwisho. Mwisho ni mtu.

Wanasema penye nia pana njia.
Hapa njia ipo, imewekewa vijiti tangu Ijumaa;
nia ndiyo inayotafutwa upya kila saa,
kama mtu anayepapasa kiberiti gizani.

Mke wangu ana miaka hamsini na minne.
Hupima maziwa kiwandani, tone kwa tone,
anayajua yanayotaka kuchacha kabla hayajanuka.
Nadhani ndivyo anavyojipima:
wazo likianza kuganda, hulimwaga.

"Si goti," aliniambia saa ya ishirini na tatu,
akinywa supu ya bitiruti kikombeni.
"Goti husema kweli: linauma, basi.
Mwongo ni yule aliye pale kwenye nguzo ya umeme,
chini ya kiota cha korongo.
Ananiita jina langu la utotoni.
Ananiambia, umeshaonyesha, inatosha, rudi."

"Unamjibu nini?"

"Simjibu. Nahesabu."

     Mguu huu ni wangu, na huu pia ni wangu;
     njia hii siyo ndefu, ndefu ni fikira zangu.

Saa ya ishirini na saba alirudi na dakika nne tu mkononi.
Alikitazama kiti. Kiti kikamtazama.
Mimi nilikisikia, naapa, kikimbembeleza
kwa sauti laini ya mkwe anayetaka kukopa.
Nikakipindua, miguu juu kama ng'ombe aliyekufa,
nikasimama mbele yake.
Hakunishukuru.
Alitafuna kiazi kimoja chenye chumvi, wima, macho amefumba,
na chumvi ikambaki mdomoni mpaka kipenga.

Thelathini. Wawili tu:
yeye, na Jurģis, kijana fundi bomba,
ambaye mama yake alimfuta uso kwa taulo kama mtoto mchanga.
Hawakusemezana. Kila mmoja aliisikiliza pumzi ya mwenzake
kama anayesikiliza paa likivuja.

Thelathini na mbili. Kijana aliwahi.
Kipenga kililia; Ausma hakuwepo.
Harijs akafunga daftari, watu wakamzunguka Jurģis,
mtu akafungua bia, mtu akaanza kung'oa vijiti.

Mimi nilikuwa naangalia ukingo wa msitu.

Akatoka. Hatembei, hakimbii,
mwendo fulani wa katikati usio na jina,
dakika moja na sekunde kadhaa baada ya kila kitu.
Angeweza kukata kona, apite nyasini, nani angeuliza?
Vijiti vyenyewe havikuwepo tena.
Akaifuata kona kwa kumbukumbu, yote,
kona isiyomfaa mtu yeyote duniani,
akaja akagusa nguzo kwa kiganja,
kama anayehakikisha usiku kwamba mlango umefungwa.

     Njia hii siyo ndefu.

Mstari wa pili hakuumalizia. Midomo ilikuwa imepasuka.

Nikakisimamisha kiti, nikakipangusa.
Akakizunguka.
Mpaka Jumanne alikula amesimama kando ya jiko,
na soksi zake zikikauka
kwenye mikono mipana ya mwaloni.